Kikao cha saa moja kinakula karibu saa mbili: kupanga muda kwa makocha wa kazi Nairobi

Makocha wenzangu, kabla hujaendelea kusoma fungua kalenda yako ya wiki iliyopita uhesabu vikao ulivyofanya, halafu uhesabu masaa uliyokuwa kazini kabisa, simu mkononi. Mimi nilipofanya hiyo hesabu mara ya kwanza nilikuta vikao kumi na viwili na wiki nzima imeisha, Jumapili ikiwemo. Muda wetu haupotei ukiwa umekaa na mteja, unapotea pembeni ya kikao: kwa "kocha niangalizie tu hii CV haraka", kwa jam, kwa mtu wa saa nne anayetokea saa tano kasoro robo, na kwa noti ulizosema utaandika jioni.

Kwa hivyo anza na hesabu ya ukweli. Dakika 20 za kusoma CV na tangazo la kazi kabla mteja hajaingia, 60 za kuongea, na 20 za kuandika mlichokubaliana na kumtumia kazi ya kufanya nyumbani. Hiyo ni saa moja na dakika 40, na ndivyo inafaa kuingia kwa kalenda, isiwe saa moja. Vikao vitatu kwa siku tayari ni masaa matano, na kwangu vitatu vinatosha. Najua kuna wenye wanafanya sita, lakini mtu aliyefutwa kazi wiki jana akikaa mbele yako anahitaji umsikilize kwa akili mpya, na yule wa sita hapati hiyo akili, anapata mabaki. Bei yako pia ifuate hizo dakika 100.

Zile noti andika hapo hapo mtu akitoka, usingoje jioni. Ukingoja, kile kitu cha maana alichosema kitakuwa kimechanganyika na cha mwingine.

Jam sasa. Mteja mmoja ako Upper Hill, mwingine Westlands, mwingine Ruiru, na wote wanataka kukutana ana kwa ana Jumanne, ukikubali hiyo siku umeitupa barabarani. Chagua siku moja au mbili za kukutana na watu na sehemu moja ya mji, wao ndio waje, siku zingine zote ni mtandaoni. Expressway, ile barabara ya kulipia, tangu ifunguliwe 2022 inasaidia kama uko upande wa Mombasa Road kuja Westlands na uko tayari kulipa, lakini kama njia yako ni Ngong Road au Thika Road bado uko pale pale. Na mvua ya Aprili au Novemba ikianza kunyesha asubuhi, hamisha vikao vya jioni viende mtandaoni mapema, usingoje saa kumi mtu akiwa tayari ameshakwama kwa steji.

Kitu ingine ndogo lakini imenikosesha vikao: andika saa kwa njia moja. Ukisema "tuonane saa mbili" kuna mtu atakuja saa mbili asubuhi na kuna mwenye atakuja 2:00 mchana. Mimi sai naandika "8:00 asubuhi" na mambo yameisha. Kwa wateja wa nje, Doha na Riyadh saa ni sawa na yetu, Dubai wako mbele saa moja, Uingereza wako nyuma masaa mawili wakati wa kiangazi chao na matatu baridi ikiingia, juu wao wanasogeza saa mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba na sisi hatusogezi. Hizo wiki mbili za kubadilisha hakikisha saa na kila mteja wa huko.

WhatsApp ndio shida yenyewe, na hapa usijionee huruma wala usimuonee mteja. Weka laini ya kazi kando na ya nyumbani, tumia WhatsApp Business, uweke lebo kwa kila mtu: "intavyuu wiki hii", "anasubiri CV", "hajalipa". Halafu soma meseji mara mbili kwa siku, mimi ni saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, na uandike hivyo kwa ile meseji inayojijibu yenyewe. Kitu pekee kinachoruka foleni ni intavyuu iliyo ndani ya siku mbili, huyo mjibu hata usiku kwa sababu kesho yake inategemea hiyo. Voisi ya dakika saba mwambie mtu kwa upole aandike mistari mitatu, utamsaidia hata yeye kujua anachouliza.

Maswali yanayorudi yaandike mara moja tu. Kila tangazo la kazi ya serikali likitoka, wateja wanauliza kuhusu cheti cha tabia njema cha polisi, KRA (kodi), HELB (mkopo wa masomo), CRB (rekodi ya madeni) na EACC (maadili na ufisadi), na ukimweleza kila mmoja kwa simu siku imeenda. Tengeneza ukurasa mmoja wenye hatua zote, uweke wazi kwamba cha tabia njema kinataka alama za vidole kwa hivyo aanze hicho kwanza, halafu umtumie kila mteja mpya siku ya kwanza. Na usijaze fomu za eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, kwa niaba ya mtu. Inakula mchana wako, na paswedi ni yake.

Kuhusu wasiotokea, dawa ni dipositi. Nafasi haifungwi mpaka M-Pesa iingie, na mwenye anataka kuhamisha aseme siku moja kabla. Utaogopa kupoteza watu mwanzoni, mimi pia niliogopa sana, lakini wanaobaki ndio wanaofanya kazi ulizowapa. Wale hawana kitu kabisa watengee nafasi mbili za bure kila mwezi, ziandikwe kwa kalenda kama zingine zote, ndio huruma isikumalizie wiki na mtu naye asisaidiwe nusu nusu huku ukiangalia saa.

Kama hutaweza kubadilisha yote kwa mpigo, anza na meseji hii, watumie wateja wako leo jioni: "Habari yako. Kuanzia Jumatatu nitakuwa nasoma meseji 1:00 mchana na 5:00 jioni. Ukiwa na intavyuu ndani ya siku mbili andika neno INTAVYUU mwanzo wa meseji, nitakujibu mara moja."