Jinsi ya Kupima Rivolva Inayotumia Risasi za Bastola ya Magazini

Kabla ya kununua rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, inayotumia risasi za bastola ya magazini, chukua risasi mbili uzisimamishe mezani: moja ya .38 Special, iliyoundwa kwa ajili ya rivolva, na nyingine ya milimita 9 ya Luger, iliyoundwa kwa ajili ya bastola inayojipakia yenyewe kutoka kwenye magazini. Ganda la kwanza lina urefu wa takriban milimita 29, na kitako chake kina ukingo uliotokeza kama kisahani. Ganda la pili lina milimita 19 tu na kitako chake hakikutokeza. Mahali pa ukingo pamechongwa mfereji mwembamba unaolizunguka. Katika ukingo huo ndipo zinapotoka karibu faida zote na kasoro zote nitakazozieleza, na anayeuelewa vizuri hatababaishwa na muuzaji.

Rivolva huutegemea ukingo kwa kazi mbili. Ukingo huizuia risasi isizame ndani ya tundu la silinda, ili pini iifikie fataki, yaani kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, na huipa nyota ya kutolea maganda, iliyo nyuma ya silinda, mahali pa kushika wakati mpigaji anaposukuma kijiti chake. Risasi ya bastola ya magazini haikupewa ukingo wa namna hiyo kwa sababu risasi hulala moja juu ya nyingine, na kingo zilizotokeza zingekwamana.

Jeshi la Marekani lilikumbana na tatizo hili mwaka 1917. Bastola za M1911 hazikutosha, hivyo kampuni za Colt na Smith & Wesson zikatengeneza rivolva kubwa zilizotumia risasi ileile ya .45 ACP, zikaitwa M1917, na kwa jumla zilizidi 300,000. Ufumbuzi ulikuwa klipu ya nusu mwezi, yaani kipande cha bati la chuma kinachoshika risasi tatu kwa ule mfereji, na klipu mbili zikajaza silinda. Rivolva za Colt za mwanzo zilitobolewa matundu yaliyonyooka moja kwa moja, kwa hiyo bila klipu risasi ilizama na haikulipuka. Za Smith & Wesson zilikuwa na kidaraja ndani ya tundu kinachozuia mdomo wa ganda, nazo ziliweza kufyatua bila klipu, ila maganda yalilazimika kuchokonolewa moja moja kwa kijiti au penseli. Mwaka 1920 kampuni ya Peters ikatoa .45 Auto Rim, ambayo ni .45 ACP iliyoongezewa ukingo mnene wa kuziba nafasi ya klipu. Anayenunua M1917 ya zamani aanze kwa kuuliza silinda yake ni ya namna gani.

Siku hizi klipu nyingi ni za mwezi mzima: kisahani kimoja hushika risasi zote sita, au nane, na ndiyo faida kubwa ya silaha hizi. Risasi zote huingia kwa pamoja, na maganda yote hutoka kwa pamoja bila hata moja kuteleza chini ya nyota na kuikwamisha, jambo ambalo kila mtumiaji wa rivolva ya kawaida limewahi kumsumbua. Mwaka 1999 Jerry Miculek, mpigaji shabaha wa Marekani, akitumia Smith & Wesson 625 ya .45 ACP, alipiga risasi sita, akapakia upya na kupiga sita nyingine kwa sekunde 2.99. Wewe na mimi hatutafika huko, lakini hata mkono wa kawaida huona tofauti siku ya kwanza uwanjani. Na anayejaza upya maganda yake yaliyopigwa huinama mara moja kuokota kisahani, badala ya kupekua nyasi akitafuta maganda sita.

Faida ya pili huonekana zaidi katika rivolva ndogo za mfukoni. Kwa kuwa mtutu ni mfupi, kijiti cha kutolea maganda nacho ni kifupi, na mara nyingi hakiwezi kusukuma ganda refu la .38 au .357 mpaka litoke lote. Ganda la milimita 19 hutoka bila shida. Tena risasi ya milimita 9 hufanya kazi kwa shinikizo la gesi la kufikia takriban baa 2,400, wakati .38 Special ya kawaida huishia karibu baa 1,170. Kwa hiyo hata katika mtutu mfupi hutoa nguvu zaidi. Kwa mwenye bastola ya milimita 9 nyumbani, risasi za aina moja hulisha silaha zote mbili, na kwa kawaida ni nafuu kuliko .38.

Sasa tuje kwenye kasoro, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Klipu ni bati jembamba, na ikipinda kidogo tu, vitako vya risasi husugua mwili wa rivolva, silinda huzunguka kwa uzito, kifyatulio huwa kigumu, na pengine pini huigonga fataki kwa udhaifu. Kagua kila klipu hivi: ilaze tupu juu ya kioo cha meza, uibonyeze kwa ncha ya kidole kila upande. Ikicheza au ikionyesha mwanga chini yake, itupe. Usijaribu kuinyoosha kwa koleo. Kisha jaza maganda matupu yaliyokwisha kupigwa, uifunge silinda, uelekeze mtutu mahali salama na kuizungusha kwa mkono duara zima. Ukisikia mkwaruzo sehemu moja, umempata mkosaji. Kumbuka pia kwamba kina cha mfereji hutofautiana kati ya watengenezaji wa risasi, hivyo klipu inayobana aina moja vizuri huweza kuacha nyingine ikiyumba. Chagua aina moja ya risasi na aina moja ya klipu, ubaki nazo. Kupakia na kuvua kwa kidole huumiza na huipinda klipu. Nunua kifaa cha kuvulia pamoja na silaha yenyewe.

Kasoro ya pili haionekani kwa macho, nami naiona kuwa nzito zaidi. Ganda la risasi ya rivolva hukunjwa mdomo wake ndani ya mfereji wa kichwa cha risasi ili kukishika. Ganda la bastola ya magazini halikunjwi hivyo, kwa sababu ni mdomo huohuo unaoizuia risasi isizame kwenye chemba. Katika bastola, hofu ni kichwa kusukumwa ndani wakati wa kupakiwa. Katika rivolva nyepesi kinyume chake hutokea, kwani kila mshindo huirudisha silaha nyuma kwa ghafla na kichwa hubaki pale kilipokuwa, kikichomoka kidogo kidogo. Kikitokeza mbele ya silinda, silinda hugoma. Ruger LCR ya milimita 9, yenye uzito chini kidogo ya gramu 500, ni ya kupimwa hivyo bila kukosa: pima kwa kalipa, kipimo cha taya mbili, urefu wa risasi moja, iweke iwe ya mwisho kupigwa, piga zote zilizotangulia, kisha itoe na kuipima tena. Ikiwa imerefuka, aina hiyo ya risasi haifai kwa silaha hiyo. Rudia kwa kila aina mpya.

Asiyetaka klipu ana njia nyingine. Smith & Wesson 547, iliyotengenezwa miaka ya 1980 hadi 1985, ilikuwa na kitoleo maalumu kilichoshika mfereji wa risasi ya milimita 9, na Charter Arms Pitbull hufanya kazi kama hiyo kwa vishikio vya springi. Ruger Blackhawk huuzwa ikiwa na silinda mbili, ya .357 na ya milimita 9. Maganda yake husukumwa moja moja kwa kijiti kutoka mbele, kwa hiyo haihitaji ukingo.

Onyo moja kwa wapenda silaha za kale. Rivolva nyingi za Webley za Uingereza, za .455, zilizoingizwa Marekani zilipunguzwa silinda kwa nyuma ili zipokee .45 ACP kwa klipu. Risasi hiyo huingia vizuri, lakini shinikizo lake la kiwandani hupita kiasi ambacho Webley iliundwa kulibeba. Ukiikuta imekatwa hivyo, usiipige kwa risasi za dukani hata muuzaji akikuambia ameipiga miaka mingi.

Kwa mashindano, basi, ningechukua rivolva nzito ya chuma, Smith & Wesson 625 ya .45 ACP au 929 yao ya risasi nane za milimita 9, pamoja na klipu ishirini zilizokaguliwa juu ya kioo. Kwa mfukoni ningechukua ya milimita 9 baada tu ya kupata risasi isiyorefuka, na klipu ya akiba ningeibeba ndani ya kikopo kigumu, si pamoja na funguo.