Unanunua gari Uingereza? Arubuni lipa kwa kadi ya mkopo

Mimi ni fundi magari hapa Leicester. Mara kwa mara huletewa gari na Mswahili mwenzangu aliyelinunua wiki iliyopita tu, na giaboksi tayari inagoma. Kabla sijafungua boneti, namuuliza: "Ulilipaje?" Akisema alitoa noti au alihamisha pesa zote kutoka benki, najua atasumbuka. Akisema sehemu ya pesa ilipita kwenye kadi ya mkopo, tunaanza kuzungumza.

Sheria ya mikopo ya wateja ya mwaka 1974 ina kifungu cha 75. Benki wanakiita Section 75, nawe ukiwapigia simu kitaje hivyo hivyo. Kitu ulichonunua kikiwa na bei inayozidi pauni 100 lakini haipiti 30,000, kampuni iliyokupa kadi inawajibika kwako sawa na muuzaji. Kinachotazamwa ni bei ya gari, si kiasi ulichopitisha kwenye kadi. Gari la pauni 6,500 ukalilipia arubuni ya 200 kwa kadi ya mkopo na zilizobaki kwa kadi ya kawaida ya benki (debit), unaweza kuidai benki 6,500 zote.

Hatua ya 1: Piga simu kabla ya kutoka nyumbani. Uliza yadi, yaani duka la magari, kama wanapokea kadi ya mkopo, na mwisho kiasi gani. Baadhi hukataa, wengine hukubali arubuni peke yake, nayo inakutosha. Wakitaka kukuongezea ada kwa ajili ya kadi, kataa: tangu 13 Januari 2018 hairuhusiwi kumtoza mteja wa kawaida ada hiyo. Wakati huo huo ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya GOV.UK usome historia ya MOT, yaani ukaguzi wa gari wa kila mwaka, ni bure. Mtu binafsi anayeuza gari lake barabarani kwa kawaida hana mashine ya kadi, kwa hiyo kwake kinga hii usiitegemee.

Hatua ya 2: Mwenye kadi ndiye awe mnunuzi. Hapa ndipo watu wetu wanapoumia, kwa sababu tumezoea kusaidiana. Dada mmoja alilipiwa gari na shemeji yake kwa kadi ya shemeji, lakini ankara ikaandikwa jina la dada. Injini ilipokufa, benki ikakataa: mwenye kadi hakununua kitu, na aliyenunua hana mkataba na benki. Nilimhurumia sana, maana walikuwa wametendeana wema tu. Kama shemeji ndiye analipa, basi mkataba wa ununuzi uwe kwa jina lake. Na ukipewa kadi ya ziada kwenye akaunti ya mumeo, jihadhari vilevile, kwa kuwa mdaiwa wa benki ni yeye.

Hatua ya 3: Pesa iende moja kwa moja kwa yadi. Usitoe noti ATM kwa kadi ya mkopo ukamlipe muuzaji. Hapo kinga haipo, na riba inaanza siku hiyo hiyo. Ukipitia PayPal au dalali wa katikati, mnyororo kati yako, benki na muuzaji unaweza kukatika. Jina la yadi kwenye ankara lilingane na la risiti ya kadi.

Hatua ya 4: Hifadhi maneno yao. Piga picha ya tangazo kabla halijafutwa. Wakikuambia gari halijawahi kupata ajali, waandike kwenye ankara, pamoja na maili, bei kamili na arubuni uliyolipa.

Hatua ya 5: Bili ya kadi ikija, ilipe yote. Kinga haiondoki kwa kumaliza deni.

Hatua ya 6: Gari likiharibika, hesabu siku. Sheria ya haki za wateja ya 2015 inakupa siku 30 za kulirudisha gari lenye kasoro na kudai pesa zako zote. Zikipita, muuzaji ana nafasi moja ya kulitengeneza. Akishindwa, unaweza kulikataa. Acha kuliendesha, mwandikie, na chukua ripoti ya fundi asiyehusika na yadi. Lakini tusidanganyane: klachi iliyochakaa kwenye gari la miaka 14 inaweza kuhesabiwa uchakavu wa kawaida, si kasoro.

Muuzaji akikuzungusha, peleka dai benki kwa maandishi. Wana wiki 8 za kushughulikia malalamiko. Wakikataa, una miezi 6 tangu barua yao ya mwisho kwenda Financial Ombudsman Service, wasuluhishi huru wa malalamiko dhidi ya benki, bila malipo.

Kwa wanaoagiza gari Japani na kulipeleka Mombasa au Dar es Salaam: mahakama ya juu kabisa ya hapa iliamua mwaka 2007 kwamba kifungu cha 75 kinafika hata kwa muuzaji wa nje, mradi kadi ni ya Uingereza. Wauzaji wengi wa huko hupenda TT ya benki (kuhamishiwa pesa moja kwa moja), kwa hiyo uliza kwanza kama watapokea kadi japo kwa arubuni. Na hata kama gari ni la kaka nyumbani, mkataba na kadi viwe kwa jina lako.