Mbwa mkubwa: usimuhasi mapema na usimnenepeshe

Kuna mtindo umeingia kwa wafugaji wenye mbwa wakubwa wa ulinzi, nazungumzia jemani shepadi, rotwaila, boaboeli na machotara wao, dume akifika miezi minne mitano anaitwa mtu wa mifugo amuhasi chapchap, hoja ni kwamba akihasiwa mapema ananenepa, anatulia na hazururi. Hapohapo analishwa kama ng'ombe wa kunenepeshwa ili aje kuwa jitu, afu juu yake anatiwa DCP, ule unga wa kalsiamu na fosforasi wa mifugo, kwenye uji eti mifupa ishike. Mambo yote matatu yanafanywa kwa nia nzuri kabisa na yote matatu yanakwenda kuumiza sehemu moja, nyonga na magoti, na mbwa wa ulinzi asiyeweza kunyanyuka asubuhi sijui analinda nini.

Tuanze na kisu. Mfupa mrefu wa mbwa unakulia kwenye ncha zake, kuna tabaka la gegedu pale ndo linalotengeneza mfupa mpya, na homoni za uzazi, ziwe za pumbu au za ovari, ndo zinazoliambia lile tabaka basi inatosha, funga. Sasa ukiziondoa hizo homoni kabla halijafunga mfupa unaendelea kurefuka kupita ulivyotakiwa, sio sana, ila unatosha kuharibu jinsi mifupa inavyokaliana kwenye goti na nyonga, na huyo ni mnyama atakayebeba kilo 35 au 50 maisha yake yote. Mbwa mdogo anamaliza kukua mapema na uzito wenyewe hana, kwa hiyo kwake hili halina shida kubwa. Mkubwa anahitaji mwaka na zaidi, majitu kama great dane hata mwaka na nusu.

Hili limepimwa. Pale Chuo Kikuu cha California, Davis, timu ya Benjamin Hart ilipitia mafaili ya hospitali ya mifugo ya chuo, wakaanza na mbwa wa aina ya golden retriva wakachapisha 2013, afu 2016 wakatoa ya jemani shepadi zaidi ya 1,100. Madume ambayo hayakuhasiwa, asilimia 7 tu yalipata angalau ugonjwa mmoja wa viungo, ila yaliyohasiwa kabla ya kutimiza mwaka ilikuwa asilimia 21. Majike ni asilimia 5 kwa wasiofungwa kizazi, na 16 kwa waliofungwa kabla ya mwaka. Na majike waliofungwa kizazi mapema baadhi yao walikuja kuvujisha mkojo bila kujijua, kitu ambacho kwa wasiofungwa hakikuonekana. 2020 wakaongeza aina zikafika 35 pamoja na machotara, na machotara waliwagawa kwa uzito: walio chini ya kilo 20 hakukuwa na tofauti ya maana, walio juu ya kilo 20 ndo hatari inapanda ukiwahasi kabla ya mwaka. Kwa jemani shepadi ushauri wao ni kusubiri mpaka apite miaka miwili, dume na jike. Boaboeli hayumo kwenye ile orodha, lakini kwa ukubwa wake mi nisingemgusa kabla ya mwaka na nusu, na miwili ni bora zaidi.

Sasa kuna mtu atasema mbona mbwa wangu wa kienyeji nilimhasi ana miezi sita na anakimbia mpaka leo. Sawa, mbwa wetu wa kienyeji wengi hata hizo kilo 20 hawafiki, huyo hayumo kwenye hii habari. Na kama mbwa wako hakai ndani ya uzio, anashinda mtaani anazalisha ovyo na kung'atana na mbwa ambao hujui kama wamechanjwa kichaa, basi mhasi tu mapema hata akiwa mkubwa, ubaya wa kuzurura unazidi ubaya wa nyonga. Ushauri wa kusubiri ni kwa mwenye geti linalofunga.

Jike nae ana hesabu yake. Asipofungwa kizazi kabisa kuna hatari ya usaha kwenye mfuko wa uzazi, unakuja wiki kadhaa baada ya joto, yaani kile kipindi anachotaka dume, anakunywa maji mno, hali, tumbo linajaa, na ukichelewa anakufa. Kwa hiyo kumsubirisha sio kumsahau. Mwache akue, kila akiingia joto mfungie kama wiki tatu hivi mahali ambapo dume hafiki (na dume anaruka ukuta usioamini), afu akishamaliza kukua panga upasuaji miezi miwili mitatu baada ya joto kuisha, damu inakuwa imetulia kwenye mji wa mimba.

Kwenye tabia ndo watu wanadanganyana sana. Kuhasi kunapunguza vitu vinavyoendeshwa na homoni ya kiume: kuzurura kutafuta majike, kupandapanda, kukojoa kila nguzo, na kupigana na madume wenzake. Kupunguza, sio kufuta, na sio siku hiyohiyo, inachukua wiki kadhaa na kwa aliyezoea muda mrefu inabaki kama mazoea tu. Ulinzi wake haupotei, hilo waliosema mbwa akihasiwa hafai kulinda waliliokota wapi sijui. Ila mbwa anayeng'ata watu kwa woga, yule anayerudi nyuma mkia katikati ya miguu afu anachomoka kung'ata, kisu hakimsaidii na wengine wanazidi kuwa waoga. Woga ule ulitengenezwa akiwa mdogo, kati ya wiki ya tatu na kama ya kumi na nne, kipindi ambacho alitakiwa aone watoto, pikipiki, wageni, mbuzi, mwanga wa mchana, nyie mkamfungia kwenye banda la giza ili awe mkali. Huyo anahitaji mafunzo na uvumilivu.

Afu kuna hii ambayo wengi hawaiunganishi: maumivu yanabadilisha tabia. Mbwa aliyekuwa mpole anaanza kumuungurumia mtoto anayemshika mgongoni, au alikuwa anaruka kwenye pikapu mwenyewe sasa anasimama anakutazama, akikimbia miguu ya nyuma inakwenda pamoja kama ya sungura, mapaja yanapungua nyama. Watu wanasema amekuwa mkali, amekuwa mvivu, mhasi. Nyonga inauma jamani! Mpeleke akapigwe eksirei kwanza. Na usimpe diklofenaki wala brufeni za watu, zinatoboa tumbo na kuua figo za mbwa, zipo dawa zake.

Msosi sasa. Kalsiamu ndo mtego. Mtoto wa mbwa chini ya miezi sita hawezi kuikataa kalsiamu iliyozidi, mtu mzima utumbo wake unachuja, yeye anaipokea kwa wingi, na mifupa inakua vibaya, gegedu linaharibika. Kama anakula chakula cha dukani kilichoandikwa cha watoto wa mbwa wakubwa, usiongeze DCP, usiongeze unga wa mifupa, wala sirapu ya kalsiamu ya famasi, usiongeze kitu. Lakini upande wa pili nao upo: anayelishwa mapafu na utumbo tu, au ugali na mchuzi, kalsiamu hana kabisa na mifupa inapinda na kuvunjika yenyewe. Kwa anayepika nyumbani, changanya ugali au wali na nyama ya ndani iliyoiva vizuri (mbichi ina tegu linalohamia kwa watu) pamoja na dagaa wazima, miba ile ndo kalsiamu yenyewe, na vipimo kaa na daktari wa mifugo avipange kwa uzito wa mbwa, sio kwa kukisia. Mahindi yaliyoota ukungu usimpe mbwa eti kwa sababu watu hawayali, sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, inamwua ini haraka, ni ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara 2016.

Kiasi ni muhimu kuliko hata aina. Kuna jaribio la mbwa 48 wa aina ya labrado la Marekani, lilitoka 2002, walilelewa wawiliwawili kutoka uzao mmoja, mmoja anapewa robo pungufu ya mwenzake maisha yote. Waliopewa kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na nyonga zao zilichelewa sana kuchakaa. Robo tu ya bakuli! Pitisha mkono ubavuni, mbavu uzisikie bila kukandamiza, na ukimwangalia kwa juu kiuno kionekane. Wageni watakwambia umemkondesha, waache.

Na ukishamhasi punguza chakula kama robo hivi kuanzia wiki hizohizo, maana mwili unatumia nguvu kidogo huku njaa inaongezeka, hapo ndo wengi wanafumuka, sio kisu kilichowanenepesha ni bakuli halikubadilika. Aliyekwisha kuhasiwa mdogo naye hajaharibika, mweke mwembamba, mtembeze kila siku kwa mwendo wa kawaida, usimkimbize nyuma ya pikipiki hasa akiwa bado anakua, na kama banda lina taili weka mkeka wa mpira asiteleze.