Kabla hujapanda pikipiki kubwa kutoka Moshi kwenda Arusha

Mpwa wangu alijifunza pikipiki kama vijana wengi wa huku: kwenye Boxer ya jirani, katika vichochoro vya migomba kule Kibosho, breki ya mguu ndiyo breki na ile ya mkono ni kama pambo. Kisha akapiga bodaboda Moshi mjini miaka miwili, na hakuanguka hata siku moja. Mwaka huu amepata pikipiki ya cc 600, ile ya kuinamia. Alipokuja kunionyesha aliniambia, "Mjomba, pikipiki ni pikipiki tu." Usingizi ulinipaa usiku ule. Haya ninayoandika nilimweleza yeye kwanza, na ninawaeleza na wengine walio njiani kupanda chombo cha namna hiyo.

Anza na nguvu yenyewe. Boxer ya cc 150 ina nguvu za farasi kama 12 hivi. Pikipiki ya mashindano ya cc 600 ina zaidi ya 100, na uzito wake haufiki kilo 200. Gia ya kwanza peke yake inaweza kukupitisha kilomita 100 kwa saa, na kutoka kusimama hadi hapo hutahesabu hata sekunde nne. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kijana wa miaka 18 akifaulu mtihani hupewa leseni ya pikipiki isiyozidi kilowati 35, yaani kama farasi 47, na hukaa nayo walau miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kubwa zaidi. Sisi hatuna ngazi ya namna hiyo. Daraja A1 la leseni linaishia cc 125, na juu yake ni daraja A, iwe pikipiki ya cc 150 au ya cc 1000. Kwa hiyo ngazi ujiwekee mwenyewe. Kama bado hujanunua, tafuta ya cc 200 au 250, ukae nayo mwaka mzima. Kama umeshanunua, usiuze ile ndogo. Endelea kutafutia riziki kwa ndogo, na kubwa iwe ya kujifunzia kwa muda.

Wazazi, na sisi wajomba na shangazi tunaochanga fedha za kumnunulia kijana "zawadi", suala hili linatuhusu kabla halijamhusu yeye.

Uzoefu wa miaka miwili mpwa wangu anao kweli, simbishii. Ila ni uzoefu wa chombo kingine. Mwaka 1981 mtafiti wa Marekani, Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, alitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki alizozichunguza na wenzake Los Angeles. Zaidi ya nusu ya walioanguka walikuwa na miezi isiyofika mitano juu ya pikipiki ile iliyowaangusha, ingawa kwa jumla walikuwa wameendesha pikipiki karibu miaka mitatu. Wengi wao hawakufundishwa na mwalimu. Walijifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. Na wakati wa hatari walikosea jambo lilelile: walikanyaga mno breki ya nyuma na kuiacha ya mbele. Nilipomsomea mpwa wangu sehemu hiyo alinyamaza, kwa sababu ndivyo anavyofunga breki yeye.

Basi breki ndiyo kazi kubwa ya kufanya kabla ya safari, na hapa sitaki haraka. Pikipiki ikipunguza mwendo, uzito wote hukimbilia mbele. Tairi la mbele linakandamizwa kwenye lami na kupata mshiko, la nyuma linakuwa jepesi. Ukikanyaga ya mguu kwa nguvu, tairi jepesi litajifunga na kuteleza, na mkia utakupita. Ukiminya ya mbele kwa ghafla kabla uzito haujafika, nalo litajifunga, na hapo hutapata nafasi ya pili. Ya mbele huminywa kama unavyokamua chungwa: unaanza taratibu, ukisikia shokapu zimezama ndipo unaongeza. Kujua kwa maneno hakusaidii. Tafuta kiwanja cha lami au saruji, omba ruhusa kwa mwenyewe, nenda Jumapili alfajiri. Anza na mwendo wa 30, funga breki hadi kusimama, rudia mara ishirini. Ukizoea nenda 50. Rudi wiki inayofuata, na inayofuata tena, mpaka vidole viende vyenyewe bila kuulizwa. Hata kama pikipiki yako ina ABS, ule mfumo unaozuia tairi kujifunga, fanya hivyohivyo.

Kwa nini nasisitiza? Piga hesabu na mimi. Ukiwa 50, unasafiri karibu mita 14 kila sekunde. Tuseme inakuchukua sekunde moja na nusu kuona hatari na kuanza kuminya; umeshakwenda mita 21. Kusimama kwa breki nzuri, lami kavu, ni kama mita 14 zaidi. Jumla mita 35. Sasa weka 100. Mwendo umeongezeka mara mbili, lakini umbali wa kusimama baada ya breki kushika unaongezeka mara nne: mita 42 za kushtuka, mita 55 za breki, jumla 97. Huo ni karibu uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli. Ukiwa 140 unazidi mita 160. Pale uwandani karibu na njia panda ya KIA ng'ombe huvuka barabara bila kumwuliza mtu, na mchungaji wake anaweza kuwa mtoto. Na ukigonga kitu kigumu kwa 50, ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10. Kwa 100 ni mita 39.

Tatizo ni kwamba 100 ya pikipiki kubwa haijitangazi. Boxer ikifika 80 inatetemeka, upepo unakuvuta shati, kila kitu kinakwambia punguza. Ile kubwa kwa 120 imetulia, injini inanguruma kwa raha kama ndiyo kwanza imeamka. Masikio na mifupa uliyoiamini miaka miwili inakudanganya. Siku za mwanzo soma mita ya mwendo mara kwa mara, hasa unapotoka barabara ya wazi kuingia Boma Ng'ombe, Kikatiti au Maji ya Chai penye kibao cha 50. Utashangaa kujikuta uko 85 ukidhani unatambaa. Wengi hukumbuka hapo askari mwenye tochi ya kupimia mwendo. Mimi ninamfikiria mama mwenye beseni la ndizi kichwani aliyekwishaweka mguu kwenye zebra.

Na wengine nao wanadanganyika. Dereva wa Noah anayetoka barabara ya vumbi kuingia lami anatazama kulia, anaona taa moja ndogo. Maisha yake yote taa moja ndogo imekuwa bodaboda ya mwendo wa 50, kwa hiyo anaingia. Hana ubaya, amekupimia kwa kipimo anachokijua. Katika ripoti ile ya Hurt, ajali zilizohusisha pikipiki na gari, theluthi mbili kosa lilikuwa la mwenye gari kuingilia njia ya pikipiki. Haki ni yako, na mguu utakaovunjika ni wako pia. Kila njia panda toa mkono kwenye akseli, vidole viwe tayari juu ya breki.

Kona zina somo lake. Katika mwendo mkubwa pikipiki hailali kwa kutamani: unasukuma mbele mkono wa kushoto ili iende kushoto, na wa kulia ili iende kulia. Bila kujua, umekuwa ukifanya hivyo siku zote, lakini mtu akiogopa katikati ya kona mikono hukauka, macho yanaganda kwenye kile anachokiogopa, na pikipiki hufuata macho. Mteremko wa Kikafu ndio wa kujipima. Punguza kabla ya kuingia, geuza uso utazame unakotaka kutokea, usikate moto ghafla katikati. Barabara za mlimani, kama ya Marangu kushuka Himo, ziache kwa miezi ya mwanzo. Mvua ikinyesha huko, udongo na majani humwagika lami kutoka njia za mashambani, nawe unaviona ukishafika.

Mvua yenyewe: dakika za kwanza ndizo mbaya, vumbi na mafuta yakielea juu ya lami. Simama, kunywa chai, iache ioshe barabara. Upepo wa tambarare ya Sanya husukuma kutoka ubavuni. Ukilipita lori utaacha kusukumwa, kisha utasukumwa tena ghafla.

Kuhusu tairi, pikipiki hizi nyingi zinatufikia zikiwa zimekaa stoo miaka. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri huku mpira umekauka. Ubavuni tafuta nambari nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho mwaka. 3516 ni wiki ya 35 ya mwaka 2016. Hilo litoe hata kama linang'aa. Upepo wa tairi, cheni, pedi na mafuta ya breki avitazame fundi anayezijua pikipiki kubwa.

Helmeti iwe ya kufunika kidevu, na mkanda ufungwe. Tafiti nyingi zilizojumlishwa zinaonyesha helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia kama 69 na vifo kwa asilimia kama 42. Vaa koti gumu, glavu na viatu vya kufunika kifundo. Kandambili, hapana. Abiria pia hapana, mpaka uwe umemaliza miezi kadhaa peke yako. Mtu mmoja nyuma anabadilisha breki na kona zote ulizojifunza.

Limebaki la marafiki, na kwa kijana hili ni gumu kuliko breki. Mkienda Arusha wanne au watano, yule mgeni akikaa mwisho atawakimbiza, na atakimbiza zaidi ya uwezo wake kwa kuogopa kuachwa. Mwekeni wa pili, nyuma ya kiongozi, na kiongozi aende kwa mwendo wa huyo mgeni. Mkubaliane mapema kusubiriana Boma Ng'ombe, halafu Usa River, ili asiwepo mwenye sababu ya kumfukuza mwenzake. Mpwa wangu nimemwambia, kundi lisilokubali utaratibu huo aliache liondoke. Akitaka kwenda Arusha siku hiyo, kuna Kosta kila saa, na mimi nitamlipia nauli.