Mama akianza kusahau nawe uko ng'ambo: usiitegemee ile hati

Kazi yangu ni kutunza wazee. Huu ni mwaka wa tisa niko Leeds, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na wengi wa ninaowaogesha na kuwalisha wana dimenshia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Kwa hiyo mimi ndiye ningekuwa mtu wa mwisho kunaswa na mtego huu. Nilinaswa, na mpaka leo nachechemea.

Mama yetu yuko Buruburu, Nairobi. Marehemu baba alimwachia nyumba hiyo na ploti ya vyumba vya kupangisha kule Umoja, na kodi ya vyumba ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Mwaka wa 2019 nilipokuja likizo tulienda kwa wakili mjini, mama akatia sahihi hati ya uwakilishi ya kunipa uwezo wa kutenda kwa niaba yake, ile tunayoiita pawa ya atoni. Akili yake ilikuwa kali bado. Alibishana na wakili kuhusu ada mpaka akapunguziwa. Nikaweka hati kwenye bahasha, nikapanda ndege nikijiona mtoto mwenye mipango.

Kufika 2022, mama alikuwa akiamka saa nane za usiku kupika uji wa watoto wa shule, na akimuuliza dada wa kazi yeye ni binti wa nani. Daktari akatuambia ni Alzheimer, aina mojawapo ya dimenshia. Mwenye ugonjwa huo haachwi peke yake, kwa hiyo tulihitaji walezi wawili, wa mchana na wa usiku, na pesa zilikuwa kwenye akaunti yake. Nikaja na hati yangu benki. Yule bibi wa benki akaisoma, akainua macho, akaniuliza: "Aliyekupa uwezo huu, tukimpigia sasa hivi, ataelewa tunachomuuliza?" Nikajibu kwa kiburi kwamba hataelewa, ndiyo maana nina hati. Akaikunja taratibu, akanirudishia.

Sikilizeni, na nitarudia. Kenya, hati ya uwakilishi hufa siku aliyeitoa anapopoteza uwezo wa akili. Iwe na mihuri, iwe imesajiliwa, iwe wakili alilipwa vizuri, inakufa. Wewe ulikuwa ukitenda kwa niaba ya mtu anayeweza kukukataza. Asipoweza tena kukukataza, huna uwezo wowote. Maana yake inakuacha siku ileile uliyoiandikia.

Sisi wa Uingereza ndio tunaopotea zaidi. Huku kuna hati nyingine, ilianza 2007, iliyotungwa makusudi idumu hata akili ikiondoka, mradi imesajiliwa. Kila wiki naona watoto wa wazee wetu wakija nayo ofisini, wanasikilizwa. Nikadhani ile ya kwetu ni pacha wake. Si pacha, hata undugu wa mbali hazina.

Na asikudanganye mtu uitumie kimyakimya bila kusema mama anaumwa. Siku binamu mmoja akikasirika kwenye mazishi ya mtu mwingine kabisa, kila shilingi uliyotoa na kila mkataba uliotia sahihi utaletewa mezani.

Baada ya hapo njia ni moja: mahakama, chini ya Sheria ya Afya ya Akili, sura ya 248, ikuteue mlezi wa mgonjwa na msimamizi wa mali yake. Ripoti za madaktari, vitambulisho, hatimiliki na hati za viapo za ndugu, wakili atakuorodheshea. Wa ng'ambo waape mbele ya notari, yaani wakili wa kuthibitisha hati, au ubalozini. Hayo ni ya kawaida.

Kilichotukalia miezi mitano ni jina la kesi. Karatasi ilimtaja mama, na mbele ya jina lake maneno ya kisheria kwamba ana ugonjwa wa akili. Mama mdogo aliisoma sebuleni akalia. "Mnampeleka dada yangu Milimani akaitwe kichaa?" Akakataa kuapa. Kaka yangu wa Donholm naye akasema huo ni uzee tu, nyanya pia alikuwa hivyo. Ndugu zangu, nawapenda, lakini nyanya hakuwa na wapangaji. Wakati mkilinda jina la mama, mpwa mmoja aliyejua namba yake ya siri ya M-Pesa alikuwa akijitumia kidogokidogo, na mama akitulaumu sisi kwamba tunamwibia. Aliyeiba simtaji kwa jina hapa, ila yeye anajijua. Na afadhali hilo kuliko yanayowapata wazee wa Kilifi na Kisii, ambao kusahau na kuzurura usiku kumewahi kuwaponza wakaitwa wachawi wakauawa.

Kama mzazi wako bado anakujua, fanyeni haya mwezi huu. Akaunti ya pamoja ambayo mmoja wenu anaweza kutoa peke yake, na benki iseme kwa maandishi itakuwaje mmoja akiugua. Wosia, pamoja na barua ya daktari ya siku hiyohiyo kwamba akili yake ni timamu. Kama anataka kumpa mtu ardhi, ahamishe sasa kwa mkono wake. Msiohamisha, wakili awaeleze namna ya kuweka kosheni, yaani zuio la kisheria, kwenye ofisi ya ardhi ili asije mtu na fomu na kalamu mama akiwa kibarazani. Badilisheni namba za siri. Msajilini SHA, bima ya afya ya serikali.

Na kabla hamjasema ni dimenshia, apimwe mkojo, damu, tezi ya shingo na vitamini B12, na dawa zake zote ziangaliwe. Maambukizi ya mkojo peke yake humfanya mzee aweweseke, na hayo hutibika.

Zamani niliwasema sana Wazungu kwa kuwaacha wazazi kwenye nyumba zetu hizi, milango ina namba, mtoto anakuja Jumapili na maua. Sisemi tena kwa sauti. Mimi namshika mkono mama ya mwenzangu Leeds, na mama yangu anashikwa mkono na msichana wa Kakamega ninayemjua kwa video tu. Lakini bado nawalaumu jambo moja: huku mzee ana faili nene kuliko wageni wake. Sisi wageni tunao tele, faili hatuna.

Amri ya mahakama tuliipata mwaka jana. Haikuniruhusu kuuza wala kuweka rehani ardhi. Kwa hilo unarudi kuomba idhini tena. Na ndani ya miezi sita unapeleka orodha ya mali yote na madeni, kwa hiyo kila risiti ni ya kutunzwa: nepi, dawa, mishahara, hata nauli. Zetu zinawekwa kwenye mkebe wa Kimbo juu ya kabati. Jioni mama huuomba, akazitandaza kitandani na kuzihesabu, kisha anamwambia msichana kwamba wa chumba namba nne bado hajalipa.