Kuzima ripoti za makosa zinazofurika kwa msimamizi wa Postfix

Postfix ni programu ya seva ya barua pepe. Sanduku la `postmaster` (anwani ya msimamizi wake) likijaa barua zenye kichwa “Postfix SMTP server: errors from…”, seva yako haijaharibika. Kila roboti ya barua taka inayogonga poti ya 25 (mlango wa kupokelea barua) na kukataliwa inaweza kuzaa ripoti yenye mazungumzo yote ya kikao hicho. Ubaya wake ni mkubwa: siku diski inapojaa, onyo la kweli linazama humo humo.

Kinachoamua ripoti zipi zitumwe ni `notify_classes`. Iangalie kwanza:

`postconf notify_classes`

Kwa kawaida huwa `resource, software`. Ukikuta kuna `policy` (mteja amekataliwa na sheria zako) au `protocol` (mteja ametuma amri mbovu), chanzo ndicho hicho. Yaondoe:

`postconf -e 'notify_classes = resource, software'`
`postfix reload`

Usiiache tupu. Ikiwa tupu inazima kila kitu, hata `resource`, inayokuarifu barua zinaposhindwa kupita kwa matatizo kama ya diski. Majina nayo yaandike kwa makini: jina lisilotambulika huiangusha smtpd (sehemu ya Postfix inayopokea barua) kila inapowaka, na barua haziingii tena.

Ripoti zinaendelea? Huenda kuna mpangilio ndani ya `master.cf` (faili la huduma moja moja), ambao hushinda ule wa `main.cf` (faili la mipangilio ya jumla):

`postconf -P | grep notify_classes`

Ukitokea, kwa mfano kwenye huduma ya smtp, ufute kwa `postconf -PX smtp/inet/notify_classes`, kisha reload.

Sasa jaribu. Ingia poti ya 25 kwa telnet ukiwa kwenye kompyuta nyingine, andika `HABARI`, subiri jibu la kosa linaloanza na 5, kisha `QUIT`. Kwa postmaster kusiingie kitu. Alama ibaki kwenye logi tu.

Anayezihitaji ripoti kwa uchunguzi azielekeze sanduku la pembeni kwa `error_notice_recipient`. Za `bounce` (barua iliyorudishwa kwa mtumaji) na `2bounce` (taarifa ya kurudishwa ambayo nayo imeshindwa kufika) zina mipangilio yake: `bounce_notice_recipient` na `2bounce_notice_recipient`.

Njia ya mkato ya kuielekeza postmaster kwenye `/dev/null` ndani ya `/etc/aliases` iepuke kabisa. RFC 5321, waraka wa kanuni za SMTP (itifaki ya kutuma barua pepe), inataka anwani hiyo ipokee barua, na ndiko wasimamizi wa seva nyingine hukuandikia seva yako inapotumika kusambaza taka.