SOMO: Kusaka makopo kwa GPS na watoto, hapa Dodoma na mkiwa safarini

Wakuu habari za jioni. Tangu niweke ile picha ya wanangu na kopo lenye kijitabu, swali la "kwani mnatafuta nini?" nimelijibu mpaka vidole vimechoka. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrudisha hapa.

Mchezo unaitwa jiokashingi, sisi nyumbani tunauita kusaka makopo. Mtu anaficha kopo mahali, anaweka namba za mahali hapo kwenye tovuti ya geocaching.com. Wewe unafuata namba kwa simu mpaka ulipate, unaandika jina na tarehe kwenye kijitabu kilichomo, unalirudisha palepale. Ndani hakuna hela.

1. Pakua programu, fungua akaunti. Ya bure inatosha kuanzia, ingawa haionyeshi makopo yote.

2. Tazama ramani. Kwetu makopo ni machache ukilinganisha na Ulaya, usivunjike moyo. Sisi tunafichiana wenyewe: Jumamosi baba anatangulia kuficha, anatutumia namba kwa meseji, tunamfuata. Watoto hawajali kama kopo limesajiliwa.

3. Maji, kofia, penseli, fimbo, viatu vya kufunika vidole. Miiba ya Dodoma mnaijua.

4. Kuingiza namba. Hapa someni taratibu, maana ndipo nilipoaibika.

Namba za mchezo huu huandikwa hivi: S 06° 10.500 E 035° 44.400. Hiyo 10.500 ni dakika, na digrii moja ina dakika 60, siyo 100. Mimi niliona nukta nikadhani ni desimali tu, nikaandika kwenye ramani ya simu -6.10500, 35.44400. Ramani haikulalamika. Ikanichorea njia, nikawasha gari, tukashika barabara ya Bahi, Oktoba, saa saba mchana. Mume wangu yuko hapahapa mjini chini ya mwarobaini anatusubiri, sisi tuko porini kilometa thelathini na kitu magharibi, mdogo ameshatapika, na mimi bado nabishana naye kwenye simu kwamba kaficha mbali. Tangu siku hiyo hadi leo nikikosea kitu anasema "njia ya Bahi".

Hesabu sahihi: gawa dakika kwa 60. 10.500 inakuwa 0.175, 44.400 inakuwa 0.74. Kwa hiyo -6.175, 35.740. Au nakili namba kama zilivyo pamoja na alama ya digrii, ramani nyingi za simu zinaelewa. ANGALIENI NA HILI: sisi tuko kusini mwa ikweta, ndiyo maana ya S na ya alama ya kutoa. Ukisahau alama ya kutoa, au ukaacha N badala ya S, unapelekwa kusini magharibi mwa Ethiopia. Kabla ya kuwasha gari tazama umbali. Kama kopo la mjini linasoma kilometa 34, rudia hesabu.

5. Mkibakiza mita kumi, simu mfukoni, tumieni macho. GPS ya simu hukosea mita kadhaa, na kando ya miamba mikubwa hukosea zaidi kwa sababu jiwe linaziba anga. Mkono hauingii kwenye upenyo wa jiwe kabla ya fimbo. Nge hawajui kama mnacheza.

6. Baadhi ya makopo yana vidude vya kubadilishana. Ukichukua kidude, acha chenye thamani ileile au zaidi. Chakula usiweke, utaita wanyama.

Huu ni mji wa Serikali. Kuzunguka ukuta wenye askari huku unachungulia chini ya mawe na simu mkononi ni kujitafutia maelezo ya kuandika kituoni. Tukienda mtaa tusioujua tunamsalimia mjumbe kwanza, tunamwonyesha kopo lenyewe. Mara nyingi anaishia kutafuta na sisi.

Nje ya nchi: teremsha ramani kabla ya kuondoka. Tulipokwenda kwa dada yangu Hamburg, watoto walitegemea ndoo, wakakuta makopo madogo kama ncha ya kidole, yana sumaku, yamenata nyuma ya vibao. Msifiche kopo mkiwa likizo, wakaguzi wa tovuti hulikataa kama hamna namna ya kulitunza. Na lenu liandikwe kwa nje kwamba ni la mchezo, maana huko polisi wa mabomu wameshaitwa kwa ajili ya makopo kama hayo.

MASWALI

Dereva wa Bahi: Mkuu, kwa hiyo hizo namba ndo zinaonyesha zilipofukiwa rupia za Mjerumani, zile hela za ukoloni? Huku kwetu kuna jiwe lina alama.

Jibu: Aya ya pili, sentensi ya mwisho.

Dereva wa Bahi: Watu wapande ndege kufuata kopo tupu? Mnatuficha.

Jibu: Kufukia kopo bila ruhusa ya mwenye ardhi ni marufuku kwenye mchezo huu. Ukimwona mtu na sururu, si mwenzetu.

Binti wa Kondoa: Dada hongera, nimesoma mpaka mwisho. Bila bando inawezekana? Na huu mchezo ulianzaje?

Jibu: Karibu mdogo wangu. Inawezekana. Simu inapokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja, bando linatumika hasa kuvuta picha ya ramani. Na mwanzo wake unahusu mawimbi hayohayo: zamani Marekani ilikuwa inayavuruga makusudi, raia akikosea hata mita mia. Mei 2000 wakaacha. Tarehe 3 Mei bwana mmoja wa Oregon, Dave Ulmer, akaacha ndoo nyeusi porini, akatangaza namba zake kwenye intaneti aone kama watu wataipata. Wakaipata.

Binti wa Kondoa: Nilitaka kuficha moja Kolo, kwenye michoro ya mapangoni.

Jibu: Hapo hapana. Ile michoro ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006, hatutaki watu wapapase mwamba wakitafuta kopo. Ila ipo aina isiyo na kopo kabisa: unampa mgeni maswali kuhusu mwamba, anajibu kwa kuutazama. Ongea kwanza na wahusika wa mambo ya kale. Ukiandika maswali nitumie, nitakusaidia kuyapanga.

Asiyelala: Haifanyi kazi.

Jibu: Nini hakifanyi kazi?

Asiyelala: Inaniambia kilometa 1,300 na kitu.

Jibu: Salimia Ethiopia. Hatua ya 4.

Mama Nkuhungu: Kijitabu chetu kililiwa na mchwa ndani ya wiki. Mnafanyaje?

Jibu: Kopo usiliweke chini kwenye udongo, liweke juu ya jiwe au kwenye panda ya mti. Ndani tupia vile vifuko vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vinanyonya unyevu.

Mzee wa Ntyuka: Makopo ya kubana pande nne yapo soko la Sabasaba, chagua yenye mpira kwenye mfuniko. Ya Blue Band yanapasuka kwa jua.

Mama Nkuhungu: Asante mzee wangu. Rangi yoyote?

Jibu: Kijani au kahawia. La kwetu la pinki lilidumu siku mbili, tukalikuta kwa jirani lina maharage.